Daraja Lililokataliwa Ndilo Lililosalia

Katika mji wa Schaffhausen, kaskazini mwa Uswisi, lipo jumba la makumbusho liitwalo Museum zu Allerheiligen, na ndani yake mna daraja ambalo hapana mtu aliyepata kulivuka. Ni daraja la mbao, dogo kiasi cha kuenea chumbani, lenye mihimili, nguzo na viungo vyake vyote kama lilivyokusudiwa kuwa. Lilitengenezwa yapata mwaka 1755 na seremala wa kijijini, Hans Ulrich Grubenmann, ili wakuu wa mji waone kwa macho yao kile alichotaka kuwajengea juu ya mto Rhine. Wakuu walilitazama, wakalikataa, wakamwagiza ajenge jingine. Hilo jingine likajengwa, likapata sifa Ulaya nzima, na mwaka 1799 likateketea kwa moto. Lililokataliwa lingalipo hadi leo.

Ndugu msomaji, tumezoea kuona mfano mdogo wa kitu kikubwa, kama vile jahazi la kuwekwa juu ya kabati, tukauhesabu kuwa ni pambo tu. Kisa cha seremala huyu chatuonyesha kwamba mfano waweza kuwa hoja, waweza kuwa ushahidi, na pengine waweza hata kuwa hatari kwa mwenye kuuamini kupita kiasi.

Grubenmann alizaliwa mwaka 1709 katika kijiji cha Teufen, nchi ya milima ya Appenzell, na huko huko akafariki mwaka 1783. Baba yake alikuwa seremala, na nduguze wawili, Jakob na Johannes, walikuwa maseremala pia. Elimu ya hesabu ya mihimili, ile inayofundishwa leo vyuoni, hakuipata. Wala kwa zama zile haikuwa imekamilika hata kwa wanavyuoni wenyewe. Alichokuwa nacho ni mkono uliolelewa na kazi, jicho lililouzoea mti, na ujuzi wa nyumba nzima uliorithiwa kama wanavyorithishana mafundi wetu wa majahazi, baba kwa mwana. Aila hiyo ilijenga makanisa yenye mapaa mapana yasiyo na nguzo katikati, na ilijenga madaraja ya kuunganisha vijiji vilivyotengwa na mabonde yenye kina kirefu.

Mwaka 1754 daraja la mawe la Schaffhausen liliporomoka. Mji huo uliishi kwa biashara ya njia. Bila daraja, mizigo na wasafiri wangetafuta njia nyingine. Ndipo alipoitwa seremala wa Teufen, naye akaja na mfano wake.

Yafaa tujiulize kwa nini alileta mfano, wala hakutosheka na mchoro. Mchoro ni lugha, na si kila mtu huisoma. Mfanyabiashara aliyeketi barazani, aliyezoea kupima vitambaa na kuhesabu fedha, ukimkunjulia karatasi yenye mistari atatikisa kichwa kwa adabu bila ya kufahamu. Lakini mwekee daraja mezani, alizunguke, achungulie chini yake, abonyeze kwa kidole. Hapo atauliza maswali ya maana. Mfano ulikuwa na faida nyingine tena kwa fundi mwenyewe. Aliyekwisha kuunganisha vipande mia moja kwa udogo amekwisha kujua ni kipi kitangulie na ni kipi kifuate, na ni kiungo gani mkono hautakifikia pindi jirani yake akishawekwa. Makosa ya namna hiyo ni heri yatokee mezani kuliko juu ya maji ya kasi.

Na alichokipendekeza kilikuwa ni ajabu: daraja la mbao la mruko mmoja, kutoka ukingo hadi ukingo, urefu wa karibu mita 119, bila ya nguzo hata moja mtoni.

Aliyekulia katika nyumba za mawe za Lamu au za Mji wa Kale wa Mombasa hahitaji kufundishwa uzito wa jambo hili. Vyumba vya nyumba hizo ni virefu lakini vyembamba. Upana wake kwa kawaida hauzidi mita tatu. Sababu yake ni kwamba dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina kipimo chake ambacho ukikivuka huanza kulegea chini ya chokaa na mawe. Mti ndio uliomwamuru mjenzi upana wa chumba. Basi fikiri mtu anayetaka kuvuka mita 119 kwa mti huo huo aliouumba Mungu, usio na urefu wa kuimaliza safari hiyo.

Siri yake haikuwa kuunganisha miti ncha kwa ncha ikawa boriti moja ndefu. Boriti ya namna hiyo ingejivunja kwa uzito wake. Siri ilikuwa katika kuegemezana. Mwite mwanao, msimame mkikabiliana, mshikanishe viganja, kisha kila mmoja arudishe miguu nyuma hatua kwa hatua. Mtajikuta mmesimama mshazari, kila mmoja akimzuia mwenziwe asianguke. Hilo ni tao. Grubenmann alipanda mihimili ya mshazari kutoka kingo mbili, mmoja ukianzia juu zaidi ya mwingine, ikasukumana kuelekea katikati. Kutoka kwenye mihimili hiyo alishusha nguzo za kuning'inia, na nguzo hizo ndizo zilizoshikilia sakafu ya daraja. Mgeni hudhani sakafu imekalia nguzo, kumbe imetundikwa. Na mkiwa mngali mmeshikana viganja, tazameni miguu yenu: sakafu ikiwa na utelezi, mtaanguka nyote wawili. Ndiyo maana daraja la namna hii huhitaji kingo madhubuti za mawe pande zote mbili, za kupokea msukumo huo mchana na usiku.

Husimuliwa kwamba baraza lilipoonyesha shaka, Grubenmann alipanda kwa miguu yake juu ya mfano, akasimama kwa uzito wake wote, nao usivunjike. Huenda ni kisa kilichonogeshwa na wasimuliaji, maana visa vya mafundi mashuhuri vina desturi ya kufanana. Lakini hata kikiwa hivyo, kinatufikisha kwenye swali lenyewe: je, mfano ukimbeba mtu, hilo ni dalili kwamba daraja litabeba gari?

Baraza halikuridhika. Katikati ya mto palikuwa pamesalia nguzo moja ya lile daraja la mawe lililoanguka, na wakuu wakamwamuru aitumie. Akatii. Daraja lililokamilika mwaka 1758 likawa na miruko miwili, mmoja wa mita 52 hivi na wa pili wa mita 59 hivi, ikikutana juu ya nguzo hiyo kwa pembe iliyopinda kidogo. Kisha ukazuka uvumi ambao haukuisha mpaka leo: kwamba seremala alilijenga daraja lake kwa namna ambayo halikuilalia nguzo ile hata kidogo, bali liliigusa tu kwa ajili ya kuwaridhisha wakubwa. Mwingereza William Coxe, aliyepita huko mwaka 1776, aliuta mjadala huo ungali moto. Aliandika pia kwamba mtu mmoja mwepesi akitembea juu ya daraja alilihisi likitikisika chini ya nyayo zake, na hali magari ya mizigo yaliyojaa yalipita kwa salama. Miaka minne baadaye alipita msanifu majengo kijana, John Soane, ambaye baadaye alipata jina kubwa mjini London. Naye alivutwa na kazi hiyo ya mbao.

Tulirudie swali letu. Mwaka 1638, zaidi ya miaka mia moja kabla ya haya, Galileo alikwisha kueleza katika kitabu chake kwamba kitu kikikuzwa kwa umbo lile lile, uimara wake haukui sawa na uzito wake. Chukua mfano uliopunguzwa mara 20. Urefu umepungua mara 20, upana mara 20, kimo mara 20. Kwa hiyo uzito umepungua mara 8,000. Lakini nguvu ya mhimili hutokana na unene wa mti uliokatwa, yaani upana kwa kimo tu, nao umepungua mara 400. Maana yake ni kwamba mti ulio ndani ya mfano unaelemewa na uzito wake wenyewe kwa sehemu moja tu katika ishirini ya vile utakavyoelemewa mti ulio ndani ya daraja. Mfano una raha ambayo daraja halitaipata kamwe. Sisimizi hubeba mzigo mkubwa kuliko mwili wake. Lau angekuzwa akawa na ukubwa wa ng'ombe, miguu ile isingemwinua hata yeye mwenyewe.

Kwa hivyo kusimama juu ya mfano ni tamasha, si kipimo. Kipimo chenyewe kilifanywa mbali na Uswisi, huko Urusi, na mtu aliyefanana na Grubenmann kwa mengi. Ivan Kulibin alikuwa fundi wa saa kutoka Nizhny Novgorod, aliyechukuliwa kuongoza karakana za Chuo cha Sayansi cha St. Petersburg. Alitaka kuvuka mto Neva kwa tao moja la mbao la mita 298, jambo linalofanya hata ndoto ya mwenzake wa Teufen ionekane ya kiasi. Alijenga mfano uliopunguzwa mara 10, wenye urefu wa karibu mita 30, na mwishoni mwa mwaka 1776 akaupakia mbele ya wanachuoni. Hakupanda juu yake akajigamba. Alijua kwamba mfano uliopunguzwa mara kumi lazima ubebe jumla ya mara kumi ya uzito wake ndipo uonje kile ambacho daraja litaonja kwa kusimama tu. Basi akaupakia pudi 3,300, takriban tani 54, kisha akaongeza nyingine juu yake, na mfano ukaachwa chini ya mzigo huo kwa siku kadhaa ukiwa mzima. Mwanahesabu mashuhuri Leonhard Euler, ambaye naye kwa asili alikuwa Mswisi, aliandika mwaka huo huo kanuni nyepesi ya kupima uimara wa daraja kutokana na mfano wake.

Daraja la Neva halikujengwa. Mfano wake, kwa kuwa ulikuwa mkubwa, baadaye uliwekwa juu ya mfereji katika bustani ya Tauride, watu wakawa wanapita juu yake. Kati ya visa vyote vya mifano ninavyovijua, hiki hunifurahisha zaidi: mfano uliokosa daraja, ukawa daraja wenyewe.

Je, mruko wa mita 119 wa Grubenmann ungesimama? Kwa maoni yangu ungesimama, angalau kwa miaka ya mwanzo, kwani baadaye, mnamo mwaka 1766, alimaliza daraja la Wettingen juu ya mto Limmat, mruko mmoja wa mita 61, kwa tao la mbao zilizopangwa tabaka juu ya tabaka na kushikamanishwa zikawa kitu kimoja. Mkono uliofanya hivyo haukuwa mkono wa kubahatisha. Lakini kutoka mita 61 hadi 119 si mwendo mdogo, na mbao zikikauka viungo hulegea, na daraja huzama kidogo kidogo katikati. Watu hupenda kuwasimanga wale wazee wa baraza kwa woga wao. Mimi siwalaumu. Wao ndio ambao wangezika maiti lau hesabu ya fundi ingekosea, na mfano waliowekewa mezani, kama tulivyoona, haukuwa na uwezo wa kuwahakikishia.

Vita havikujali mjadala huo. Mwezi wa Aprili mwaka 1799 majeshi ya Ufaransa, yakirudi nyuma mbele ya Waustria, yalilitia moto daraja la Schaffhausen ili adui asilivuke. Mwaka huo huo na daraja la Wettingen likachomwa. Kazi mbili kubwa za seremala mmoja zikawa majivu, miaka 16 baada ya kifo chake. Laiti mruko mmoja ungejengwa, nao ungeungua vivyo hivyo. Kilichookoka ni michoro, maneno ya wasafiri, na mifano.

Na vilevile yaliokoka madaraja ya vijijini, maana hapakuwa na jenerali aliyeyahitaji. Huko Kubel, karibu na Herisau, lingali limesimama daraja alilojenga Grubenmann mwaka 1780 juu ya mto Urnäsch, alipokuwa mzee wa miaka 71. Ni daraja la watu wa mashamba: wachunga ng'ombe, wabeba siagi na wanaokwenda kuzuru jamaa ng'ambo. Lina paa na kuta za mbao kama nyumba, hata mgeni akiliona kwa mbali hudhani ni ghala lililosahauliwa juu ya maji. Paa hilo halikuwekwa kwa ajili ya wapitao. Liliwekwa kwa ajili ya mihimili. Mti uliokaa mkavu huishi karne nyingi; mti unaolowa na kukauka, kulowa na kukauka, huoza katika viungo, pale pale maji yanapojificha na macho yasipofika. Wavuvi wetu wanaoficha vyombo vyao chini ya makuti msimu wa mvua wanaifahamu hekima hiyo vizuri.

Katika kijiji cha Teufen leo lipo jumba la makumbusho kwa ajili ya aila hii ya Grubenmann, na humo imepangwa mifano ya madaraja na ya mapaa yao. Anayetengeneza mfano wa daraja kongwe hufanya kazi iliyo kinyume na ya seremala wa 1755. Yule alikwenda kutoka udogo kuelekea ukubwa. Huyu hutoka katika ukubwa kurudi katika udogo. Huanza kwa kupima kila mhimili kwa futi na kamba, akiingia darini kwenye giza na vumbi, maana kilichoandikwa katika michoro ya zamani na kilichopo hasa si kitu kimoja kila mara. Karne mbili za matengenezo zimeacha alama zake. Kisha huchagua uwiano. Ukipunguza mno, viungo hugeuka michoro tu isiyofanya kazi. Ukipunguza kidogo, mfano hautaingia mlangoni.

Baada ya hapo huja jaribu la gundi. Gundi hurahisisha kazi, na gundi hudanganya. Daraja la kweli linashikana kwa ulimi ulioingia katika tundu, kwa vigingi vya mbao na kwa vipande vya chuma hapa na pale, na viungo hivyo hucheza kidogo kila mzigo unapopita. Ndiko kule kutikisika alikokuhisi Coxe chini ya miguu. Mfano uliogandishwa kwa gundi haujui kutikisika. Ni sanamu ya daraja. Fundi mwaminifu huchonga ulimi na tundu hata kama ulimi una unene wa punje ya mchele, na anapofika kwenye kipande kisichokubali kuingia, hugundua kwamba alitakiwa kukitanguliza kabla ya vile vitatu vilivyo kando yake. Wakati huo anakuwa amejifunza jambo ambalo hapana kitabu kilichomwambia, yaani mpangilio wa siku za kazi za watu waliokufa zamani. Daraja lenyewe likija kuungua au kuchukuliwa na mafuriko, wajenzi watakaolirudisha hawatakuwa na mwalimu mwingine aliye bora kuliko huo mfano.

Kwa wazazi wanaotafuta shughuli ya kufanya na watoto wakati wa likizo, hesabu ya Galileo yaweza kujaribiwa uani. Nendeni kwa seremala wa mtaani, mumwombe akate vipande viwili kutoka ubao mmoja: kimoja kiwe na unene wa sentimita 1 kwa 1 na urefu wa sentimita 30, na cha pili sentimita 2 kwa 2 na urefu wa sentimita 60. Cha pili ni kile cha kwanza kilichokuzwa mara mbili kwa kila upande. Vipimeni kwenye mizani ya duka; kikubwa kitakuwa na uzito wa takriban mara nane. Kisha wekeni kipande kidogo juu ya matofali mawili yaliyoachana sentimita 26, mtundike ndoo katikati, na muitie mchanga polepole hadi kivunjike. Pimeni ndoo, muandike. Rudieni kwa kile kikubwa, matofali yakiwa yameachana sentimita 52, na miguu ya watoto iwe mbali na ndoo.

Kabla ya kumwaga mchanga wa mara ya pili, kila mtoto ataje ni mzigo gani kikubwa kitakaobeba. Wengi watasema mara nane, kwa kuwa ndivyo mizani ilivyosema. Ubao utavunjika karibu na mara nne.